Karatasi ya Ireneusz

Alhamisi, Łódź, ghorofa ya tatu.
Mabomba ya joto yanagongagonga ukutani
kama mpangaji anayedaiwa kodi.
Halszka anagawa karatasi, hasemi kitu.
Nne. Hakuna iliyofanana na nyingine.

Yangu imejaa namba mpaka pembezoni.
Mimi ni mbeba shoka, na shoka lina hesabu zake:

Nirushapo dadu yangu, kumi na nne nataka,
Naongeza nguvu zangu, tatu zisizopunguka,
Natoa kidonda changu, moja, bega kuvunjika,
Ndipo hili shoka langu, huenda likamfika.

Hivyo ndivyo ninavyopigana: kwa penseli.

Dobrusia ni mchawi. Hana dadu hata moja.
Ana vifungo saba vya koti ndani ya kikombe,
na kila anapologa huinuka, hufungua dirisha,
hukitupa kimoja uani, kwenye theluji,
na kilichokwenda hakirudi. Anaweza
kuuzima mwezi juu ya mji mzima
kisha akabaki na kikombe cha kuosha.

Gniewko, mwizi,
ana sheria hii:
akikuibia kalamu
hapa mezani
bila wewe kujua,
basi na kule ndani
ameiba.
Wiki jana aliniibia kiatu.

Na Mfumaji, adui yetu, aishiye chini ya kiwanda cha zamani
akiwafuma watu kuwa shuka,
hana nguvu, hana jeraha, hana ukurasa.
Husogea hatua moja
kila mmoja wetu atazamapo saa.

Ireneusz ana mstari mmoja.
*Ukisema hapana, kitu kinasimama. Sema ni nini.*

Nilinung'unika, nakiri. Haki iko wapi?
Mimi najumlisha mpaka jasho, yeye neno tu?
Huyu huyu aliyezijua kanuni zote kwa ghibu,
dereva wa tramu miaka thelathini na mmoja,
aliyebishania nusu pointi mpaka usiku wa manane
akiudonoa ukurasa kwa kidole: hapa, soma, hapa!
Hiyo ni kabla ya Machi. Kabla ya mshipa kupasuka kichwani
ukaondoka na namba zote, na mkono wa kulia,
na maneno, ukamwachia machache sakafuni
kama mwizi aliyeshtuliwa.

Halszka alinitazama juu ya miwani.
"Rusha," akasema.

Saa nne kasorobo
(najua, maana niliitazama)
uzi ukamshika Dobrusia shingoni.
Kikombe chake kitupu. Nikarusha.

Dadu yagonga kikombe, yaviringika, yatua,
Ni mbili tu! Nani nimwombe? Uzi wazidi kukua,
Nayo shingo ya Dobru—

"Hapana."

Kiti chake kililia kwenye mbao.
Hapana, kwa sauti ya mtu anayekanyaga breki
na abiria arobaini wako nyuma yake.
Uzi ukasimama. Mfumaji akasimama.
Hata mabomba, naapa.

"Ma," akasema Ireneusz. "Ma... mashi..."

Nilikuwa nalo neno. Limekaa ulimini,
jepesi, limeshavaa viatu. Nilikuwa nalo.
Nikateremsha macho nisilitamke,
ndipo nikaiona, chini kabisa ya karatasi yangu,
chini ya nguvu na ngao na uzito wa mikate ya safari,
kwa mwandiko mdogo wa Halszka, kanuni
niliyoibeba jioni nzima bila kuisoma:

*Usimmalizie neno.*

Tukangoja. Chai ikapoa.
Hakuna aliyetazama saa.